Maswali ya kilimo hai tunayoulizwa kila Nanenane

Kila Agosti kikundi chetu kinashuka kutoka milima ya Uluguru na makapu ya karoti, kabichi na vitunguu, tunapanga meza kwenye viwanja vya Nanenane Morogoro, na kabla mtu hajauliza bei anauliza: "Hizi kweli hazina dawa?" Baada ya hapo maswali hufuatana mpaka jioni. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi mwaka hadi mwaka. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, mengine kwa mstari mmoja.

Kilimo hai ni nini, kwa lugha ya shambani?

Ni kilimo kinachotegemea samadi, mboji, mikunde, mzunguko wa mazao na wadudu marafiki, bila mbolea za viwandani, bila viuatilifu vya kemikali na bila mbegu za GMO, yaani zilizobadilishwa vinasaba. Kwenye nyaraka za serikali siku hizi utakuta "kilimo ikolojia hai". Hilo ni pana kidogo, maana linaingiza na mambo ya misitu, maji, mbegu za asili na haki ya mkulima. Shambani sisi tunasema kilimo hai, inatosha.

Sijawahi kununua mbolea maishani. Si tayari nimo?

Bado. Hili ndilo kosa la kwanza la wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Shamba lisilowekewa chochote, likatolewa magunia ya mahindi kila mwaka na mabua yakachomwa moto, ni sawa na ng'ombe anayekamuliwa bila kupewa majani.

Watu hupenda kusema babu zetu walilima bila kitu na wakavuna. Hawakulima bila kitu. Tazama kihamba cha Wachagga kule Kilimanjaro: juu miti, katikati migomba, chini kahawa na maharage, na ng'ombe zizini anayekatiwa majani, samadi yake ikirudi kwenye migomba. Tazama ngolo za Wamatengo kule Mbinga: nyasi zinafyekwa, zinapangwa kwa mistari kama miraba, udongo unafukiwa juu yake, na katikati linabaki shimo la kushika maji ya mvua yasibebe udongo wa mlimani. Hiyo ni kazi ya jembe, tena kazi nzito. Ndiyo maana sipendi sana tunapoita haya "kilimo cha asili", kana kwamba yalijiotea yenyewe.

Mavuno yatashuka?

Ukiacha mbolea ya dukani leo na kesho usiweke kitu mahali pake, yatashuka, na vibaya. Ukibadilisha polepole, ukawa na samadi ya kutosha na mikunde kwenye mzunguko, hali ni nyingine.

Kwa anayetaka ushahidi ulio karibu na kwetu: tangu 2007 kuna majaribio ya muda mrefu huko Chuka na Thika nchini Kenya, yanayoendeshwa na taasisi ya utafiti ya FiBL ya Uswisi pamoja na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na washirika wao. Wamelinganisha kilimo hai na kilimo cha kawaida, kila kimoja kwa ngazi mbili: anayeweka kidogo na anayeweka vya kutosha. Mahindi ya kilimo hai yaliyopewa samadi na maji ya kutosha yalikuja kukaribiana na ya kilimo cha kawaida baada ya miaka ya mwanzo, na faida ikaanza kuonekana zaidi pale bei ya ziada ya soko ilipopatikana. Walioweka kidogo walivuna kidogo pande zote mbili. Mimi hapo ndipo ninapowaonyesha watu kwa kidole, kwa sababu tatizo la mkulima mdogo wa kwetu mara nyingi si aina ya mbolea, ni kwamba haweki chochote.

Mboji inatengenezwaje? Nilijaribu, ikaoza na kunuka.

Ilikosa hewa, au ilizidi maji, au uliweka majani mabichi na kinyesi bila vitu vikavu. Biwi zuri lina tabaka: mabua au matawi madogo chini ili hewa ipite, kisha majani makavu, kisha mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo, halafu unarudia mpaka lifike karibu na kifua. Vitu vikavu viwe vingi kuliko vibichi. Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku nne au tano ukikichomoa kiwe cha moto mkononi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji na samadi. Kikiwa na utelezi na harufu mbaya, pindua biwi na uongeze makavu. Lipindue mara mbili tatu, ulifunike kwa majani ya migomba au turubai, na kwa hali ya hewa yetu huwa tayari kwa miezi mitatu hivi. Mlimani kwenye baridi huchukua zaidi.

Msimu wangu wa kwanza sikungoja. Niliona rangi imekuwa nyeusi nikadhani tayari, nikaitia kwenye kitalu cha kabichi ikiwa bado inachemka. Asubuhi ya tatu miche ilikuwa imelala yote, majani ya njano, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Mke wangu alicheka wiki nzima. Mboji iliyoiva hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua, na huwezi tena kutambua kipi kilikuwa jani na kipi kilikuwa samadi.

Angalizo moja la sheria: mboji ya shamba lako ni yako. Ukitaka kuifunga kwenye mifuko na kuiuza madukani kama mbolea, unaingia kwenye mikono ya TFRA, mamlaka inayodhibiti mbolea, na utahitaji usajili.

Na viwavijeshi vamizi? Hao hawasikii mwarobaini.

Wanasikia wakiwa wadogo. Kiwavi aliyekwisha kuingia ndani kabisa ya moyo wa mhindi na kujifunika kinyesi chake hafikiwi na dawa yoyote, ya dukani wala ya kienyeji. Kwa hiyo kazi kubwa ni kukagua shamba mara mbili kwa wiki tangu mahindi yanapokuwa na majani machache, kuponda mayai, na kutia majivu au mchanga mkavu kwenye moyo wa mmea.

Njia ninayoiamini zaidi ni sukuma-vuta. Ilibuniwa na watafiti wa icipe, ambao wana kituo chao Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakiwalenga funza wa mabua, kabla viwavijeshi vamizi hawajaonekana Afrika mwaka 2016. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi: harufu yake inawafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi. Pembeni ya shamba unazungushia matete au nyasi za brakiaria, ambazo zinawavuta. Desmodiamu pia ni mkunde, inaongeza nitrojeni ardhini, inakandamiza gugu la kiduha, na ng'ombe anaila. Ugumu wake uko kwenye mbegu: desmodiamu ni ghali na haipatikani kila duka, na msimu wa kwanza inahitaji palizi ya uangalifu, maana vibarua wasioijua huing'oa wakidhani ni gugu.

Kuhusu utupa, ambao wazee wetu wanautumia sana: ndiyo, unaua wadudu. Unaua na samaki, ndiyo maana zamani ulitumika kuvulia. Usioshee bomba mtoni. Na kiini chake cha sumu, rotenoni, hakiruhusiwi tena kwenye kilimo hai cha Ulaya, kwa hiyo kama zao lako linakwenda huko usiuguse. Kitu kutoka kwenye jani si lazima kiwe salama.

Jirani yangu anapulizia kila wiki. Nitathibitishwaje?

Panda ukanda wa kukinga: matete, mlonge, au mstari wa mahindi usiouhesabu wala kuuuza kama wa kilimo hai. Chimba mfereji wa kugeuza maji kama shamba lake liko juu yako. Halafu ongea naye. Sisi tulikubaliana na jirani mmoja apulize alfajiri kabla upepo haujaanza, ilichukua mwaka mzima na kuku mmoja.

Lazima mbegu ziwe za asili?

Hapana. Chotara zinaruhusiwa. Haziruhusiwi za GMO, na mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi au kijani, nazo ni tatizo. Unatakiwa kutafuta kwanza ambazo hazijapakwa, na kuandika kwamba ulitafuta.

Kwenye sheria pana msuguano, na ni vizuri uujue. Sheria ya Mbegu ya Tanzania ya 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe imesajiliwa na kukaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Mkulima kuhifadhi na kupanda mbegu yake mwenyewe si shida. Shida inaanza pale anapoiuza. Mlango uliopo kwa wadogo ni mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazoitwa QDS, ambazo kikundi cha kijijini kinaweza kuzizalisha chini ya usimamizi na kuuza katika eneo lake. Ni mlango mwembamba, kwa sababu aina nyingi za mbegu za bibi zetu, maharage ya rangirangi na mchicha wa porini, hazimo kwenye orodha ya aina zilizosajiliwa. Mkakati wowote wa kilimo hai usiogusa hapo utabaki kuombea mbegu dukani.

Kuhusu GMO, Tanzania haijaruhusu kuzilima kibiashara. Kenya iliondoa marufuku yake Oktoba 2022 na mambo yakaenda mahakamani.

Cheti kipo cha aina gani, na nahitaji kipi?

Inategemea unamuuzia nani. Anayeuza kwa jirani anayemjua hahitaji chochote zaidi ya jina lake.

Kwa soko la ndani na la Afrika Mashariki kuna alama ya Kilimohai. Iko juu ya kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, kilichozinduliwa Dar es Salaam mwaka 2007. Utaikuta kupitia mitandao ya kilimo hai ya kila nchi: kwa Tanzania TOAM, kwa Kenya KOAN, kwa Uganda NOGAMU. Njia ya kuipata isiyoumiza mfuko ni mfumo shirikishi, unaojulikana kwa kifupi PGS. Wakulima wa kikundi wanakaguana wenyewe kwa fomu na kwa miguu: leo mnakwenda shambani kwangu, kesho kwako, wiki ijayo kwa mama fulani. Mnaangalia kitalu, stoo, chupa zilizotupwa nyuma ya nyumba. Kamati inaamua, na anayekosa anapewa muda wa kurekebisha au anatolewa.

Watu husema, "Mnakaguana ndugu kwa ndugu, mtasemana kweli?" Tunasemana. Ukikamatwa unapuliza usiku, kikundi kizima kinapoteza alama, na hakuna mkaguzi wa kutoka mjini anayejua mambo ya kijiji kuliko jirani yako. Tulishamtoa mtu, na bado tunasalimiana naye msikitini.

Kwa Ulaya au Marekani, PGS haitoshi. Huko wanataka kampuni huru ya ukaguzi, na kipindi cha mpito kirefu: kwa Ulaya miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu na miaka 3 kabla ya kuvuna mazao ya kudumu kama kahawa, kwa Marekani miezi 36 tangu mara ya mwisho ulipotumia kitu kilichokatazwa. Gharama hiyo mkulima wa nusu eka haibebi peke yake, ndiyo maana pamba ya Meatu, kahawa ya Kagera na kakao ya Kyela ziliingia soko hilo kwa vikundi na kampuni, si kwa mtu mmojammoja.

Tumesikia Ulaya wamebadilisha sheria. Inatuhusu?

Sana, kama mnauza nje. Kanuni yao namba 2018/848 ilianza kutumika 1 Januari 2022, na vikundi vya nchi za nje vikapewa muda wa kujipanga. Kikundi sasa lazima kiwe chombo kinachotambulika kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na wanachama wawe wadogo kweli kwa vipimo vyao vya eneo, mapato na gharama ya cheti. Mkaguzi wa nje anatakiwa kurudia ukaguzi kwa angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka, na kuchukua sampuli kwa angalau asilimia 2.

Kwenye karatasi inaonekana ni kulinda uaminifu. Huku chini, chama cha ushirika chenye wakulima elfu kadhaa kinalazimika kujigawa na kusajili vyombo vipya, kila kimoja na daftari zake. Kama muuzaji wenu wa nje ndiye aliyekuwa anashika cheti kwa jina lake, muulizeni mapema mnasimama wapi. Kuna kikundi ninachokijua kilikaa miaka mitatu kikidhani kina cheti, kumbe cheti ni cha mnunuzi. Mnunuzi alipoondoka, aliondoka nacho.

Je, Tanzania ina sera ya kilimo hai?

Ina. Sera ya Taifa ya Kilimo ya 2013 inakitaja, na Novemba 2023 ulizinduliwa Dodoma Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023 hadi 2030. Hiyo ni hatua, na wanaharakati waliupigania kwa miaka. Kwa mara ya kwanza afisa wa halmashauri anayetaka kuweka fungu la mboji kwenye bajeti ana waraka wa kuegemea.

Ila mimi sera naipima kwa mambo matatu: ruzuku inakwenda wapi, afisa ugani anafundisha nini, na mbegu gani inaruhusiwa kuuzwa. La mbegu nimeshalisema.

Ruzuku: 8 Agosti 2022, siku ya kilele cha Nanenane Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku, baada ya bei kupaa kufuatia vita vya Ukraine. Uliwasaidia wengi, siupingi. Mkulima anajiandikisha, anapata namba, anakwenda kwa wakala na kununua kwa bei nafuu. Lakini kilichonafuishwa hasa ni mbolea za viwandani: DAP, urea na wenzao. Anayetengeneza tani tano za mboji kwa mikono yake hana namba ya kupeleka popote. Hata ruzuku ya toroli, koleo na mashine ya kukatia mabua ingebadilisha mambo, kwa sababu kinachotushinda kwenye mboji ni jasho. Ng'ombe yupo, majani yapo, mgongo ndio hautoshi.

Ugani: mwaka huohuo 2022 maafisa ugani walipewa pikipiki. Wakaja vijijini, na hilo ni jema kabisa. Sasa ujumbe unaobebwa na pikipiki ndio wa kutazama. Kijana aliyesoma stashahada akifundishwa zaidi vipimo vya viuatilifu, hata akija na moyo mweupe ataandika jina la dawa kwenye kipande cha karatasi akakuelekeza duka. Pale Morogoro shirika la SAT lina kituo cha mafunzo Vianzi, wanafundisha wakulima na maafisa pamoja. Mafunzo kama hayo yangeingia kwenye vyuo vyote vya kilimo, tusingekuwa na haja ya makongamano mengi.

Majirani je?

Uganda walipitisha sera yao ya taifa ya kilimo hai mwaka 2019. Kenya ilizindua mkakati wa kilimo ikolojia wa 2024 hadi 2033, lakini kinachonivutia zaidi huko ni kaunti: Murang'a ilitunga sheria yake ya kilimo ikolojia kabla ya mkakati wa taifa. Ugatuzi una faida zake.

Barani, viongozi walikutana Abuja mwaka 2006 wakaahidi kufikisha kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Nchi nyingi hazikufika. Walipokutana tena Nairobi Mei 2024, mkutano ulikuwa wa mbolea na afya ya udongo, na mbolea ya asili ikatajwa pamoja na ya viwandani. Wamechukua miaka 18 kuutaja udongo, tusiwabeze.

Kwa nini serikali isipige marufuku kemikali tu?

Sri Lanka walijaribu. Aprili 2021 rais wao wa wakati huo, Gotabaya Rajapaksa, alitangaza kusitisha uagizaji wa mbolea na viuatilifu vya viwandani, nchi nzima, karibu kwa usiku mmoja. Uhaba wa fedha za kigeni ulikuwa sehemu ya sababu. Hapakuwa na mboji ya kutosha, hapakuwa na mafunzo, wakulima wa mpunga na chai wakabaki mikono mitupu. Novemba mwaka huohuo marufuku ikalegezwa, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikalazimika kuagiza.

Kila mpinzani wa kilimo hai sasa anakurushia Sri Lanka usoni. Mwambie aangalie pia Sikkim, jimbo dogo la milimani India. Walitangaza nia mwaka 2003, wakapunguza ruzuku ya kemikali mwaka baada ya mwaka huku wakijenga mashimo ya mboji na kuthibitisha mashamba, na wakatangaza jimbo zima limehamia kilimo hai mwaka 2016, miaka 13 baadaye. Si peponi. Bado wanaagiza mchele mwingi kutoka nje ya jimbo. Lakini hakuna aliyelala na mbolea akaamka hana.

Sera gani moja ungeiga kesho?

Chakula cha shule cha Brazil. Sheria yao ya 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wa familia, na mazao ya kilimo hai yanaweza kulipwa hadi asilimia 30 zaidi. Shule zetu za kata zinapika makande na uji kwa michango ya wazazi, wazazi haohao walio wakulima. Soko liko mita mia tatu kutoka shambani na halijaandikwa kwenye waraka wowote.

Bei yenu mbona juu?

Kwa baadhi ya vitu ni juu. Mchicha wetu ni bei ya soko. Karoti ni juu kwa sababu ya palizi ya mikono.

Halmashauri haina fedha. Kijiji kinaweza kufanya nini chenyewe?

Kinaweza kutunga sheria ndogo kupitia mkutano mkuu, na ikapitishwa na halmashauri. Tatu zinasaidia moja kwa moja: kuzuia uchomaji wa mabaki shambani, kuzuia mifugo kuachiwa baada ya mavuno ili matandazo na desmodiamu visiliwe, na kuzuia kuosha mabomba kwenye vyanzo vya maji. Hiyo ya mifugo itawagombanisha na wafugaji, kwa hiyo kaeni nao kwanza na mkubaliane njia za kupitisha na mahali pa kunywesha. Samadi yao mtaihitaji.

Nina eneo dogo mjini, nyuma ya nyumba. Inawezekana?

Inawezekana sana: viroba, matairi, madebe. Maganda ya jikoni na pumba za mbao kidogo vinatosha kwa biwi la ndoo. Ukichukua taka za sokoni, zichambue kwa mikono kabla ya kuziweka, zina vipande vya plastiki, betri na wembe. Na usitumie majivu ya jiko kama umechomea humo mifuko.